Vigae vya Sarawani

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka sokoni nikakuta nyumba imenyamaza. Mwenye mtoto wa miaka tisa anaijua maana ya kimya hicho. Nikaweka kikapu chini nikaita mara ya kwanza, nikaita mara ya pili, hakuna aliyeitika. Sakafu ya sebule ilikuwa imejaa maji, na katikati ya maji lilikuwa gudulia letu, vipande sita vikubwa, na vile vidogo sikuvihesabu. Binti yangu alikuwa amejifungia bafuni. Nilimsikia akivuta kamasi nyuma ya mlango.

Nikachuchumaa pale pale, nikaokota kipande kimoja nikakinusa. Harufu ilikuwa ile ile. Kama hujawahi kunywa maji ya chombo cha udongo siwezi kukueleza, na kama umewahi huna haja ya kuelezwa: ni ile harufu ya mvua ya kwanza inapolipiga vumbi. Nikaanza kucheka. Mtoto akafungua mlango akachungulia, akamwona mama yake amekaa majini anacheka huku ameshika kigae puani, akazidi kulia. Alidhani nimerukwa na akili.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Nikusimulie aliyelivunja la kwanza."

Mimi nilizaliwa Kaloleni ya Kisumu, katika nyumba ya Babu, baba yake Baba. Wa rika langu mliokulia mitaa ile mnaikumbuka: watoto wa madrasa wakisoma kwa sauti upande huu, ngoma za kanisa upande ule, na upepo wa ziwa ukikuletea harufu ya dagaa wa omena walioanikwa hata kama hukuiomba. Babu alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa grisi usiotoka hata siku ya Idd. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakukutajia duka. Alinyoosha mgongo akasema, "Mimi Mbulushi. Kwetu ni Sarawani."

Sarawani ni mji mdogo wa Uajemi, karibu na mpaka. Baba yake Babu aliondoka huko akiwa kijana, akafika Mombasa, reli ikamleta hadi ziwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Babu mwenyewe hakuwahi kuukanyaga mji huo. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mombasa, nayo aliifanya mara mbili tu. Hilo halikumzuia kuusimulia kama mtu aliyeondoka juzi: mitende, vilima vikavu, maji yanayopita chini ya ardhi kwenye mifereji iliyochimbwa na watu wa kale, na wanawake wanaofinyanga vyombo kwa mikono mitupu. "Kwetu kazi ya mwanamume ni kuchimba udongo na kunyamaza," alikuwa akisema. "Kufinyanga ni kwa mama na bintiye. Hakuna gurudumu, hakuna mashine."

Mimi niliyasikia yote nikayaelewa kwa akili yangu. Baba alikuwa dereva wa lori. Kila wiki alipakia mizigo akaenda "mpakani", na mtoto wa Kisumu akisikia mpakani anajua ni Busia. Sasa mji mdogo karibu na mpaka ungekuwa wapi tena? Nilikuwa na hakika kwamba Sarawani iko mbele kidogo ya Busia, labda baada ya kile kizuizi ambacho Baba alikuwa haachi kukilalamikia. Kila akiwasha lori nilimwambia, "Baba, nisalimie shangazi zake Babu." Naye akiwa na haraka zake alinijibu, "Haya, nitawasalimia." Shuleni nilijigamba kwamba kwetu kuna mitende na ngamia, na kwamba baba yangu hupita huko kila Jumanne. Wenzangu waliokuwa na ndugu Busia kwelikweli walinitazama wakanihurumia.

Kitu kimoja tu kilichotoka Sarawani kilikuwa kimebaki, nacho ni gudulia la maji. Lilikuwa jekundu la kufifia, kubwa kidogo kuliko kichwa cha mtu mzima, lenye shingo fupi na mkono mmoja wa kushikia. Tumboni lilizungukwa na nukta za rangi ya kahawa iliyoungua, safu kwa safu, na kati ya safu pembetatu ndogo ndogo. Bibi yake Babu ndiye aliyelifinyanga, akampa mwanawe siku anaondoka. Lilikaa kwenye kabati chumbani kwa Babu, limefunikwa kitambaa, kabati likafungwa, na ufunguo ukaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyethubutu.

Gudulia lilitoka mara mbili kwa mwaka, Idd zote mbili. Baada ya swala tulikaa sebuleni, Babu akaingia amelibeba kwa mikono miwili kwa chini, taratibu, kama mtu aliyebeba mtoto wa siku tatu. Mkono wa gudulia hakuushika kabisa. Nilidhani ni madaha ya wazee. Alimimina kidogo kidogo kwenye bilauri, kila mtu akapata funda lake. Tuliyaita maji ya Sarawani, ingawa mimi mwenyewe ndiye niliyeyachota bombani jana yake. Baba alipata, Shangazi Rukia alipata, watoto tulipata.

Mama hakupata. Mama alizaliwa Auma, mtoto wa Seme, ng'ambo ya Kombewa. Alisilimu alipoolewa akaitwa Amina, akafunga, akaswali, akajifunza kupika kaimati vizuri kuliko Shangazi Rukia mwenyewe. Lakini gudulia lilipoingia sebuleni yeye alikuwa jikoni akigeuza pilau, kila Idd, bila kukosa. Mwaka mmoja nilimwita. Shangazi Rukia, dada yake Baba, akanivuta mkono. "Mwache mama yako," akasema. "Haya ni maji ya ukoo." Sauti ya Mama ikatoka jikoni: "Mimi sina kiu."

Na mama yake Mama, tuliyemwita Dani kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao, alikuwa hajakanyaga nyumba ile hata siku moja. Kwao mama mkwe haingii kwa mkwe wake hivi hivi kama anayeazima chumvi. Anaalikwa kwa heshima, anapokelewa, ndipo anakula na kunywa. Miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita na hakuna aliyemwalika.

Nilikuwa na miaka tisa, Ramadhani imeanza, shule zimefungwa. Nilifunga siku yangu ya kwanza nzima, na jioni ile, koo limekauka, nikamtazama Mama akikoroga uji wa futari huku midomo yake imepasuka kwa ukavu. Nikakumbuka "mimi sina kiu". Nikaona uongo wake wazi, na ukaniuma. Nikaamua kwamba adhana ya magharibi ikilia, funda la kwanza la Mama litakuwa la maji ya Sarawani.

Babu alikuwa amekwenda msikitini. Nilitoa ufunguo, nikatoa gudulia, nikalijaza bombani mpaka shingoni. Sikujua uzito wa maji. Nikalishika mkono wake, nikaliinua kama birika.

Mkono ukabaki kwenye ngumi yangu. Gudulia likaenda chini.

Mama alinikuta nimesimama na kile kipande nimekikumbatia. Hakunipiga. Akauliza, "Ulikuwa unapeleka wapi hii kitu?" Nikamwambia nilikuwa nampelekea yeye. Akafunga macho kidogo. Mimi nikaharakisha kumtuliza, maana nilikuwa na dawa mkononi: "Usijali, Mama. Baba yuko njiani. Apite Sarawani achukue lingine, atarudi nalo."

Akanitazama. Sasa ninapolea mtoto wangu ndipo ninapoelewa kwamba alikuwa akipambana na kicheko na kilio kwa wakati mmoja. "Mwanangu," akasema, "Sarawani si Busia. Baba yako hajawahi fika huko. Hata Babu hajawahi fika. Hakuna mtu anaenda huko na kurudi." Hapo ndipo nilipojua nimevunja nini. Hadi dakika ile nilidhani nimevunja gudulia moja katika mji uliojaa magudulia.

Mama aliokota kila kigae, hata vile vya ukubwa wa kucha, akafagia mpaka vumbi lake, akafunga vyote kwenye leso yake ya kiunoni. Kitambaa akakirudisha kabatini juu ya sufuria, kikatuna vilevile. "Nitamwambia Babu mwenyewe," akasema, "lakini si leo. Leo Rukia atasema nilikutuma. Nitasema siku nitakuwa na kitu ya kumuonyesha." Kesho yake alimwambia Babu kwamba ananipeleka kwa bibi yangu likizo, na tukaondoka na leso ile kikapuni, chini ya mikate.

Dani alikuwa mfinyanzi. Hilo nilikuwa nikilijua, lakini sikuwahi kulihesabu kuwa jambo la maana. Vyungu vyake viliuzwa Kombewa siku za soko na kwetu mjini wengi walikwishahamia kwenye ndoo za plastiki. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Mama alipoifungua leso, Dani alikaa chini kwenye mkeka akavigusa vigae kimoja kimoja. Kimoja akakinusa. Kimoja akakilamba, akatema.

"Hii mchanga ni ya mbali," akasema. "Iko na chumvi." Kisha akapitisha kidole upande wa ndani wa kigae kikubwa, kikasimama mahali fulani. "Auma, kuja uone. Hii ni mama alitengeneza. Si mashine. Kidole yake hii hapa." Akaweka dole gumba lake ndani ya kibonyeo kile, likakaa sawasawa. Akacheka peke yake. "Na alikuwa anaharakisha. Alikuwa na haraka, huyu mama."

Nikamwambia ni kwa sababu mwanawe alikuwa anaondoka. Dani akaacha kucheka.

Mama alirudi mjini kupika futari, nikabaki. Nilingoja Dani atoe gundi. Siku ya pili, asubuhi, alitandika gunia, akaweka jiwe la kusagia, akamwaga vigae vya Sarawani juu yake. Akainua jiwe la mkononi akapiga.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nikamrukia mkono. Na hapa sitafichaficha: nilimchukia Dani siku ile. Niliyaunganisha mambo yote kichwani mwangu, kwamba hajaalikwa, kwamba binti yake hapewi maji, na kwamba sasa amepata nafasi ya kulipiza kisasi na analipiza mbele ya macho yangu. Nikamwambia hayo yote kwa kilio. Dani akanishika mabega akanikalisha kwa nguvu.

"Nyakwara," akasema, na maana yake ni mjukuu wangu, "wewe nadhani mimi ni adui? Chungu ikivunjika haishonwi kama suruali. Kuja." Akaniongoza nyuma ya nyumba. Kulikuwa na lundo la vigae pale ambalo siku zote nilidhani ni takataka. Akaokota kimoja cheusi. "Hii ni ya mama yangu. Hii ingine, ya mama ya bwana yangu, ndiye alinifundisha. Udongo mpya peke yake ni kama mtoto. Ukiweka kwa moto unapasuka. Lazima uweke ya zamani ndani, unasaga, unachanganya, ndio inashika. Hakuna chungu yangu hata moja haina mama yangu ndani."

Akarudi kwenye jiwe akaendelea. Safari hii alichanganya kile kigae cheusi cha mama yake na vyekundu vya Sarawani, akasaga pamoja. Mimi nilikaa kando nimenuna. Nusu yangu iliamini na nusu haikuamini, na ile isiyoamini ikanyoosha mkono Dani alipogeuka, ikaiba kigae kimoja chenye nukta, cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nikakificha kwenye mfuko wa gauni.

Udongo tulikwenda kuuchimba kijitoni, wanawake peke yetu. Dani aliukanyaga kwa miguu, akaunyunyizia unga ule wa vigae, akaukanda kama chapati. Kisha akaweka kitako cha gudulia juu ya kipande cha chungu kikuukuu na akaanza kulipandisha, msokoto juu ya msokoto. Hakukuwa na gurudumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyezunguka, ameinama kutoka kiunoni, akirudi kinyumenyume kulizunguka gudulia, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Niliduwaa. Mwanamke aliyekuwa akisimuliwa kila Idd sebuleni kwetu nilikuwa naye hapa, anakohoa na kuwafukuza mbuzi.

Shingo ilipokamilika nikamwambia aweke nukta na pembetatu. Akakataa kabisa. "Hiyo ni ya yule mama. Ni kama jina yake. Mimi siwezi andika jina ya mtu." Alibiringisha kamba yake ya katani tumboni mwa gudulia, likatoka alama zake mwenyewe, mistari iliyosukwa. Lakini chini ya shingo akaacha utepe mtupu, akanipa kijiti cha mwiba. "Wewe ni wao," akasema. "Wewe weka."

Sikuweza kuzikumbuka kichwani. Nikasimama na kijiti, uso unawaka, mwishowe nikatia mkono mfukoni nikatoa kigae nilichoiba. Dani alikitazama, akanitazama. Nilingojea kofi.

"Weka vizuri usipoteze," akasema. "Itaingia kwa ile ingine, siku hii itavunjika." Wala hakuuliza zaidi. Nikanakili nukta zangu moja moja, ulimi nje, na zilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

Gudulia lilikaa kivulini siku kumi na mbili. Siku ya kulichoma, asubuhi, Dani alilipanga pamoja na vyungu viwili vya soko, akazungushia kuni, samadi kavu na nyasi, akawasha. Ndani ya moto kitu kikalia, pu! Nilijua ni letu, kwa dhambi zangu zote. Dani hakusogea. Moto uliposhuka akavuta kwa mti mrefu, na kilichopasuka kilikuwa chungu chake cha soko. Gudulia likatoka zima, linang'aa wekundu. Akalirushia maji ya magome yaliyochemshwa, kwa kitita cha majani, likachemka kwa sauti na kugeuka rangi ya kahawa. Alipolitia maji mara ya kwanza, ile harufu ikapanda. Nikalia tena, lakini kwa raha.

Mama alikuja kunichukua, tukafika Kaloleni mchana wa kuamkia Idd. Babu alikuwa tayari na ufunguo mkononi, Baba amerudi safari, na Shangazi Rukia amekuja kusaidia kupamba. Mama alimwomba Babu akae. Akaweka mzigo mezani, akafungua leso.

"Hii si gudulia ya Sarawani," Mama akamwambia Babu. "Ile ilivunjika, Baba."

"Ni mimi," nikasema. "Niliivunja mimi, Babu. Nilitaka Mama anywe."

Shangazi Rukia akapiga makofi mara moja. "Nilijua! Kitu cha ukoo mzima! Na vipande viko wapi?"

"Vimo humo," Mama akajibu. "Mama yangu alivisaga akatia ndani."

"Amevisaga! Subhanallah! Bibi yetu amekwenda kusagwa Seme!"

Babu alisogea mezani. Aliliinua gudulia kwa mikono miwili kwa chini, kama siku zote. Akaligeuza. Akapitisha kidole chenye grisi juu ya mistari ya kamba, akafika kwenye shingo, akasimama kwenye nukta zangu zilizopinda. "Hizi nani?" Nikanyoosha kidole. Akaendelea kuligeuza. "Na mkono wake uko wapi?"

"Mama yangu alisema mkono ndio ulikuwa ugonjwa," Mama akasema.

Hapo Babu akafanya jambo nisilolitarajia. Akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. "Mkono ulikatika mimi ni kijana," akasema. "Siku baba yangu amelala mgonjwa. Nikaugandisha na gundi ya viraka vya baiskeli, sikumwambia mtu. Miaka yote hii nalibeba kwa chini watu wasijue." Akamtazama Shangazi Rukia. "Kwa hiyo usimpigie mtoto kelele. Wa kwanza kulivunja ni mimi."

Kisha akamuuliza Mama, "Aliyelifinyanga amewahi kunywa maji nyumba hii?"

Kila mtu alikuwa anajua.

"Nani basi atakunywa kabla yake?" Babu akasema. "Wewe," akamwambia Baba, "kesho tukitoka kuswali, washa gari. Ukamwalike mama mkwe wako kama watu wanavyoalikwa. Na Rukia aende nawe. Mwanamke mwenzake ndiye amwombe."

Najua Kaloleni imeona harusi nyingi, lakini haijaona kitu kama lori la Baba likiingia mtaani siku ile ya Idd, mbele wamekaa Dani na kilemba chake cha kanisani na Shangazi Rukia na buibui lake, katikati yao kuku aliyefungwa miguu, wote watatu wametazama mbele. Babu alisimama mlangoni. "Karibu, Mama," akasema. Dani akajibu, "Asante, Mzee," akavuka kizingiti.

Babu akamimina. Bilauri ya kwanza akampa Dani kwa mikono miwili. Akanywa yote, akashukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano." Kisha Babu akageuka kuelekea jikoni. "Amina," akaita. "Wewe mwanangu, una kiu?"

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Ndiyo, Baba," akasema. "Niko na kiu."

Alipokunywa nilimtazama koo likipanda na kushuka, na nilijivuna, jamani. Nilijivunia Mama, nikamjivunia bibi yangu aliyezunguka gudulia kinyumenyume, na yule bibi wa mbali aliyefanya haraka. Shangazi Rukia alipata bilauri ya tatu. Akaonja, akaonja tena. "Maji yake baridi," akasema, na kwa Rukia hayo yalikuwa mengi.

Babu na Baba wamelala makaburini Kisumu siku nyingi sasa, na Dani kwake Seme. Mwaka jana niliutafuta Sarawani kwenye simu. Upo, mji wa rangi ya vumbi wenye mitende, na mpaka hauko mbali. Nikaona picha ya wanawake wa kijiji cha jirani wakifinyanga, hakuna gurudumu. Mmoja alikuwa ameinama kutoka kiunoni, mkono mmoja ndani ya chombo, nami nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Dani."

Jana tulikwenda Seme, mimi, binti yangu, na Mama ambaye sasa anatembea na fimbo. Jiwe la kusagia analo Atieno, mdogo wake Mama, na lundo la vigae liko palepale nyuma ya nyumba. Tulimwaga vigae vya gudulia letu kwenye jiwe. Atieno akaongeza kigae cha chungu cha Dani. Kisha wote wakanitazama, kwa sababu mimi nilikuwa nimekunja ngumi.

Kile kipande chenye nukta nimekaa nacho zaidi ya miaka thelathini. Kimelala kwenye kabati langu kimezungushiwa leso, nimehama nacho nyumba tano. Ndicho kilichobaki kama alivyokiacha yule bibi. Nilikuwa nimeahidi kukileta, na nilikuwa nimekileta, lakini vidole vilikataa kufunguka.

"Wewe," Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "bado unaiba?"

Nikakiweka juu ya jiwe. Binti yangu alilishika jiwe la mkononi kwa mikono yote miwili, akaliinua, akasita. Akanitazama kwa yale macho ya bafuni.

"Mama, nipige kweli?"

"Piga," nikamwambia.